Nilivyobishana na baba mkwe kwa maspika, Runzewe: je, Biblia inasema Mungu anaweza yote na anajua yote?

Wakuu, poleni na mihangaiko. Vuteni viti, leo sijaja kuomba ushauri.

Nimeleta kisa changu mwenyewe, kilichonikuta nikiwa na akili zangu timamu. Chumvi siongezi, kwa sababu mke wangu ameusoma uzi huu kabla sijaurusha na ameshafuta sehemu moja inayomhusu mama yake. Majina nimebadilisha. Watu wa Runzewe mtatambua tu, naomba mnyamaze.

Wale wa jukwaa la dini mnanifahamu. Ndiye mimi ninayewasumbua kila wiki nikiuliza kama kweli Maandiko yanamwonyesha Mungu kuwa anaweza yote na anajua yote. Kuna mmoja humu aliwahi kuniambia ubishi wangu utanikosesha mke. Mkuu, popote ulipo, ulibakiza kidogo sana.

Twende.

Mimi ni mtoto wa Kambarage, Shinyanga mjini. Kazi yangu ni fundi wa mota, na kwa huku kwetu fundi wa mota lazima afuate makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ndivyo nilivyofika Runzewe, nikapewa karasha moja lililokuwa linaunguza mota kila baada ya muda mfupi.

Karasha lilikuwa la mzee mmoja anaitwa Baba Masanja. Msimamizi wake alikuwa binti yake, Kabula.

Wakuu, Kabula alikuwa anasimama katikati ya wachimbaji waliojaa vumbi la mawe mpaka kwenye kope, kila mmoja anadai mzigo wake usagwe kwanza, na yeye anasema neno moja tu wanajipanga. Siku ya kwanza alinikuta nimelala chini ya mashine, akaniuliza, "Fundi, unatengeneza au unapumzika?" Nikajua hapa nimefika.

Sitaingia kwenye mambo ya mapenzi, hili siyo jukwaa lake. Itoshe kusema mota ile ilichukua muda mrefu kupona kuliko ilivyostahili.

Sasa mjue jambo moja kuhusu Baba Masanja, ili msije mkapotea mbele.

Masanja alikuwa mwanae wa kwanza, kaka yake Kabula. Alifariki kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, siku lilipotitia wakati wa mvua. Hilo lilitokea kabla mimi sijafika Runzewe. Lakini kama mnavyojua desturi, mzee bado anaitwa Baba Masanja na mkewe Mama Masanja. Kila anayewasalimia analitaja jina la marehemu, kutwa nzima, sokoni, kanisani, kwenye karasha. Wao wanaitika tu.

Mzee huyo ni mzee wa kanisa. Na zamani, kabla hajaokoka, alikuwa manju, kiongozi wa ngoma za Kisukuma, tena manju aliyetikisa kuanzia Ushirombo mpaka kwetu Shinyanga. Ngoma aliacha. Sauti haikuondoka.

Basi siku ya kujitambulisha ikafika. Nikamleta baba mdogo kutoka Kambarage awe mshenga wangu. Baba mdogo ni mtu wa maneno machache na kula kwingi, nikaona anafaa.

Mambo yakaenda vizuri. Shikamoo zikapokelewa, maji ya kunawa yakapita, Mama Masanja akaleta ugali, kuku na mlenda. Mzee akasimama kuomba. Akaomba sana. Kila baada ya maneno machache anasema, Mungu unayeweza yote, Mungu unayejua yote.

Alipomaliza akakaa, akanitazama.

"Kijana, wewe unaamini Mungu anaweza yote?"

Wakuu, lile swali halikuwa swali. Lilikuwa kama mtu anavyokuuliza umeamkaje. Unajibu ndiyo mzee, unakata tonge, maisha yanaendelea. Baba mdogo alikuwa ameshashika paja la kuku.

Mimi nikasema, "Mzee, inategemea tunasoma wapi."

Sijui nini kilinituma. Yaani mdomo ulifunguka wenyewe kama nipo humu ndani na ninyi. Baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Mzee akaweka tonge chini. "Hebu sema."

Nikajitetea kidogo, akasisitiza. Basi nikasema.

Nikamwambia, mzee, twende Mwanzo sura ya kumi na nane. Pale Sara anacheka kuambiwa atazaa uzeeni, na Bwana anauliza kama kuna jambo la kumshinda. Safi. Sasa shuka chini kidogo, sura hiyo hiyo, Bwana huyo huyo anasema amesikia kilio cha Sodoma, kwa hiyo atashuka akaone kama mambo ni kweli yako hivyo, na kama sivyo atajua. Mzee, anayejua yote anashuka kuona nini?

Mama Masanja akasema taratibu, "Yesu wangu." Kabula alikuwa mlangoni na jagi la maji, ananitazama kama anavyoitazama mota iliyoungua.

Mzee hakukasirika. Akauliza, "Nyingine?"

Nikasema ipo Waamuzi, sura ya kwanza. Bwana alikuwa pamoja na Yuda, wakateka nchi ya milima, lakini watu wa bondeni hawakuweza kuwafukuza, kwa kuwa wale walikuwa na magari ya chuma. Nikamwambia, mzee, Bwana yupo pamoja nao, imeandikwa, na bado chuma kimewashinda.

Mzee akalitazama tonge lake.

Akalitazama mpaka kuku akapoa. Baba mdogo alikuwa ameacha kula, na kwa wanaomfahamu hilo ni tukio.

Mwisho mzee akasema, "Walioshindwa ni Yuda, siyo Mungu." Nikasema sawa mzee, lakini yeye alikuwa wapi? Akasema, "Wewe umesema alikuwa pamoja nao." Nikasema siyo mimi, ni Biblia.

Akainuka, akanawa mikono, akatoa hukumu.

"Hatutabishana mezani kwa mke wangu. Tutabishana Jumapili, uwanjani, baada ya ibada. Kwa utaratibu wa kwetu."

Ambao siyo wa kanda yetu, niwaeleze. Kwenye ngoma za Kisukuma, makundi mawili, Bagika na Bagalu, hayapokezani jukwaa wala hakuna jaji wa kutoa maksi. Yanacheza kwa wakati mmoja, hili huku, lile kule. Watu wanatembea tu. Wakikuchoka wanaenda kwa mwenzio. Mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyekimbiwa anafungasha ngoma zake.

Mzee alitaka tujadili Maandiko hivyo. Yeye upande mmoja wa uwanja, mimi upande wa pili, wote tunaongea kwa wakati mmoja, na watu waamue kwa miguu. Akaongeza sharti moja. Atakayetoka kwenye duara lake la watu kabla ya mwisho, ameshindwa.

Nikishinda, namchukua Kabula na hataniuliza tena jambo la Mungu maisha yake yote. Nikishindwa, nasimama mbele ya kanisa lake natamka kwa mdomo wangu kwamba hakuna lisilowezekana kwa Mungu, ndipo posa iendelee. Nisipotaka vyote viwili, stendi naijua ilipo.

Baba mdogo akaomba afungiwe kuku wake.

Jioni ile Kabula akanisindikiza mpaka njia panda. Nilitegemea kupigwa. Akaongea kwa upole, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

"Ukimshinda, utakuwa umemwaibisha baba yangu mbele ya Runzewe nzima, na mimi siolewi na mtu wa hivyo. Ukimwachia makusudi, utasimama kanisani useme usichokiamini, na mimi siolewi na mwongo. Kwa hiyo fikiria vizuri."

Nikamuuliza, sasa wewe utakuwa upande gani?

"Wa masufuria," akasema. "Watu watakula wapi?"

Wakuu, nililala vibaya.

Tatizo lililofuata lilikuwa spika. Mzee alikuwa na vyombo vyote vya kwaya. Mimi sina hata filimbi. Nikamfuata rafiki yangu Hamisi, Mnyaturu wa Singida, anauza sumu ya panya kwa baiskeli. Ana spika moja ya mdomo mpana inayopiga tangazo lake alilojirekodi mwenyewe, mnalijua: panya, mende, kunguni, viroboto, wote kwa heri.

Hamisi akakubali, ila akaweka msimamo wake. "Mimi ni Muislamu, Mungu wangu anaweza yote na hilo sina mjadala. Nakupa spika tu. Ukipigwa radi mimi nilikuwa nauza sumu."

Spika ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukiacha kuongea kwa muda, tangazo linaanza lenyewe. Hamisi akasema dawa yake ni nisinyamaze. Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

Jumapili ikafika. Mchungaji alitangaza kwamba ana safari ya dharura kwenda Ushirombo, akapanda pikipiki na kupotea. Mtu mwenye akili.

Uwanja ukajaa. Wachimbaji walikuwa wamekuja kutoka madukani na maduarani, wengine bado na tochi zao kichwani mchana kweupe. Wanawake wa kanisa na vitambaa vyao. Mama Masanja na Kabula walikuwa pembeni na masufuria makubwa ya pilau, katikati kabisa ya pande zote mbili, maana Kabula alikataa kuegemea.

Mzee akaanza. Wakuu, nilisema sauti haikuondoka. Ile sauti ilitoka kama ya mtu aliyekaa na ngoma tumboni. Hakuwa anahubiri, alikuwa anaita na watu wanaitikia.

"Nani alimuuliza Adamu uko wapi?"

"Bwana!"

"Alikuwa hajui?"

"Anajua!"

"Mama yake akimkuta mtoto ana sukari mdomoni, akamuuliza nani kala sukari, huyo mama hajui?"

Wamama wakapiga vigelegele. Mimi upande wangu nilikuwa na Hamisi, mbuzi wa mtu, na jamaa mmoja aliyekuja kuulizia bei ya sumu.

Nikasema potelea mbali. Nikashika maiki.

Nikaanza na Nuhu. Nikasema jamani, Mwanzo sura ya sita Mungu anajuta kumuumba mtu, moyo unamuuma. Sasa niambieni, mtu anayejua mota itaungua, anaifunga, halafu inaungua anajuta? Akina sisi mafundi tunajuta kwa sababu hatukujua.

Wachimbaji wachache wakageuka. Nikaongeza. Nikawapa habari ya Ibrahimu na mwanae mlimani, jinsi alivyoambiwa kwamba sasa najua unamcha Mungu. Sasa? Jana yake ilikuwaje?

Wakacheka, wakasogea.

Nikawapa ya Samweli wa kwanza, sura ya kumi na tano, ambako Mungu anajuta kumfanya Sauli mfalme, na katikati ya sura hiyo hiyo Samweli anasema Mungu siyo mtu hata ajute. Nikawaambia chagueni wenyewe, mimi nimeshachoka.

Uwanja ukaanza kuhama. Siwafichi, wakuu, raha yake haielezeki. Unaona watu wanatoka kwa mwenzio wanakuja kwako, wanakimbia kidogo wasipitwe. Nikaelewa kwa nini wazee wetu walikuwa wanacheza mpaka wanazimia. Na kila nilipovuta pumzi ndefu, spika inasema panya, mende, kunguni, umati unaangua kicheko na Hamisi anauza.

Mzee naye akajibu, na alijibu vizuri. Akasema kujua hakuzuii kuumia. Akasema yeye alijua kabisa mtoto anayejifunza kutembea ataanguka, na alipoanguka bado moyo wake ulishtuka. Hiyo pointi ilinigusa kidogo, ila nilikuwa kwenye moto, nikaiacha ipite.

Nikatoa risasi yangu ya mwisho. Magari ya chuma.

Mchimbaji mmoja akauliza, "Chuma gani fundi, Fuso?" Nikasema kubwa kama Fuso kwa wakati ule. Nikawasimulia kile kifungu taratibu. Bwana yupo pamoja nao. Wanapanda milimani wanashinda. Wanashuka bondeni wanakutana na chuma, wanakwama. Nikawaambia, ninyi mnaokutana na mwamba kila siku, mnanielewa.

Wakaja wote. Nasema wote. Kwa mzee walibaki wanakwaya na mpiga kinanda wao.

Ndipo mtu mmoja upande wangu, simjui mpaka leo, akapaza sauti kuelekea kule.

"Baba Masanja. Na Masanja je? Mungu aliweza akakataa, au alitaka akashindwa?"

Uwanja ukakatika kama umeme.

Nilimwona mzee ng'ambo ya pili. Maiki ilikuwa bado mkononi lakini mkono ulikuwa umeshuka. Mama Masanja aliinama kwenye sufuria na hakuinuka. Kabula alisimama na mwiko, ananitazama mimi tu.

Sasa niwaambie ukweli nilioahidi. Maneno ya kulijibu swali lile nilikuwa nayo. Yalikuwa yamekaa kwenye ulimi, mafupi, matamu, na umati wote ulikuwa unageuza shingo kuja kwangu unayasubiri. Sentensi moja tu na Kabula ni wangu kwa sheria ya baba yake mwenyewe. Nilitamani kuisema, na nikajichukia kwa kutamani.

Nikaweka maiki kwenye baiskeli ya Hamisi, nikaanza kutembea kuvuka uwanja.

Na kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza, spika ikaanza kazi yake. Panya. Mende. Kunguni. Viroboto. Wote kwa heri. Hakuna aliyecheka. Ilirudia mara kadhaa kabla Hamisi hajapata akili ya kung'oa waya.

Watu walidhani naenda kupigana. Wakanifuata. Nikafika kwa mzee, nikasimama mbele ya wanakwaya, nikageuka kumwelekea kama msikilizaji. Na nyuma yangu ulikuwepo uwanja mzima, maana watu wa Runzewe hawaachi kitu kiwapite.

Basi kwa utaratibu wa kwetu, mzee alikuwa ameshinda. Watu wote walikuwa kwake, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye duara langu.

Mzee alinitazama. Akainua maiki akasema, "Chakula kipo." Akaizima.

Baada ya kula akaniita ndani. Sebule ile ile, meza ile ile. Nikawahi kusema kabla hajaniwahi.

"Mzee umeshinda. Jumapili ijayo nitatamka."

"Kwa nini ulivuka?"

Nikasema sikutaka kushinda kwa kutumia jina la Masanja. Nikasema niliona yule Mungu anayeweza yote ndiye mzee anamhitaji, na mimi siwezi kumnyang'anya mtu Mungu wake mbele ya watu.

Mzee akacheka. Kicheko kibaya, kama cha kukohoa.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "wewe ni mjinga."

Akavuta kiti karibu.

"Siku duara linatitia, mimi nilikuwa pale juu. Tulichimba kwa majembe, tulichimba kwa mikono. Nilimwambia Mungu, wewe unaweza yote, toa huyu mtoto. Nilimwambia hivyo kutwa nzima. Tulipomfikia, alikuwa ameshakwenda." Akatazama viganja vyake. "Tangu siku ile naomba vile vile, unayeweza yote. Na kila nikisema, moyoni najisikia nikimwambia, kwa hiyo ulikataa."

Akaninyooshea kidole.

"Halafu unakuja wewe, unakaa hapo, unasema kuna mahali alikuwa pamoja na watu wake na bado chuma kikawashinda. Kile kifungu nimekipita miaka yote. Pale mezani, kuku akipoa, nikakirudia moyoni. Nikasema, kama ni chuma, basi na mwamba. Basi labda hakukataa. Labda alikuwa mle chini na mwanangu, anasukuma kama sisi."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Mzee wa kanisa hawezi kusema maneno hayo. Lakini nilitaka yasemwe, hadharani, kwa spika, na watu wayakubali, na mimi nisiwe wa kuyasema. Uwanja ule niliutengeneza kwa ajili hiyo. Nilikuwa naongea huku naomba ushinde. Ulipofika kwenye magari ya chuma nilitaka nivuke mimi kuja kwako. Nilikuwa nimeshainua mguu."

Akanitazama kwa hasira ya kweli kabisa.

"Na wewe ukavuka kwanza."

Wakuu, nililia. Alilia na yeye. Mama Masanja akaingia na chai, akatukuta, akarudi nayo jikoni.

Tulipotulia nikamuuliza, kwa unyenyekevu wote, kama basi lile sharti la kutamka limefutwa.

"Umetoka kwenye duara lako," akasema. "Utatamka."

Jumapili ikafika tena, na kanisa likajaa kuliko Krismasi. Hamisi alikuwa nje dirishani na baiskeli yake. Mchungaji alikuwa amerudi kutoka Ushirombo, anaonekana amepumzika vizuri.

Nikaitwa mbele. Mzee akasimama karibu yangu, na badala ya kuniacha nitamke akaniuliza swali. Kabula alikuwa benchi la pili na nilikumbuka alichosema kuhusu waongo.

"Wakati watu wake wamekwama bondeni," mzee akauliza kwa ile sauti, "unaamini nini juu ya Mungu?"

Siyo tamko tulilokubaliana. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yananisubiri kama mtu aliyepeleka ombi.

Nikasema, "Naamini alikuwepo."

Kanisa likasema amina, bila kujua limeitikia nini. Mzee akasema amina mwisho wa wote, taratibu, akakaa. Mama Masanja akamshika mkono, na hawakuachana mpaka ibada ilipoisha.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Baba mdogo alirudi akala kwa amani.

Mpaka leo tukikaa mezani mzee anaomba vile vile, Mungu unayeweza yote, unayejua yote. Halafu anafungua jicho moja kuniangalia. Mimi nasema amina kwa sauti.

Nilichojifunza, wakuu. Mimi niliyekuwa natembea nikithibitisha kwamba hata Mungu hajui yote, nilisimama uwanjani nikijiona najua yote. Nilijua mzee anataka nini, nilijua anamhitaji Mungu wa namna gani, nilijua nikivuka nitakuwa nimemwokoa. Sikujua hata kimoja. Niliharibu mpango wake wote na bado akanipa binti. Kwa hiyo humu ndani nitaendelea kubishana, msitegemee nimeacha, ila siku hizi kabla sijampiga mtu na vifungu huwa namuuliza kwanza habari za nyumbani.

Mwisho kabisa. Kabula ni mjamzito. Mzee amesema akiwa wa kiume jina tayari lipo, na ninyi nyote mnalijua. Juzi nikamchokoza, nikamwambia mzee, wewe mtu wa Mungu anayejua yote, hujaambiwa ni wa kike au wa kiume?

Akatabasamu, akaendelea kukata tonge.

"Sijui," akasema. "Nitashuka nione."

Haya, wenye vifungu leteni, wenye matusi leteni, na mnaotaka sumu ya panya Hamisi bado yupo pale pale. Ila nijibuni moja: pale uwanjani, nani alishinda?